Kucha Nyeupe Nilizozifunika

Rehema na Neema, mmeniomba niwaandikie jinsi nilivyofanya kazi, kwa kuwa sasa nimeacha na nyumba zangu za wateja nimewaachia ninyi. Nimesoma mpaka darasa la nne, basi msitafute maneno makubwa humu. Siandiki nilipata nini wala nilijenga nini. Anayetaka hayo aje atazame bati langu, linavuja upande mmoja. Naandika ya mikononi. Na nawaambia mapema: kazi hii ya kubandika watu stika za kucha majumbani, ambayo waume zenu wanaicheka, nimeifanya kwa hofu tangu siku ya kwanza. Asiye na hofu hajatazama anachokishika.

Nilianza na hina, stika zikiwa hazijapanda huku milimani. Mwalimu wangu alikuwa Bi Zaina, mwanamke wa Mombo aliyeletwa huku na ndoa. Ndoa ikaisha, yeye akabaki. Alikuwa mkali, na ninyi mnaosema mimi mkali hamkumwona yule. Siku yangu ya kwanza alinipeleka nyumba ya harusi, Soni. Akanikalisha mbele ya bibi harusi, nami nikaushika mkono na kuanza kutafuta pa kuchora. Akanichapa kofi la mkono mbele za watu.

"Umemsalimia mwenye mkono?"

"Nimemsalimia, bibi."

"Na mkono je, umeusalimia?"

Wanawake wakacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Ndipo akanionyesha. Geuza kiganja utazame nyufa na vidonda. Kisha bonyeza ukucha kwa dole gumba lako, uachie. Ukiubonyeza unakuwa mweupe, ukiuachia damu inarudi. "Ikirudi upesi, fanya kazi. Ikichelewa, ana baridi huyo, mpe kikombe cha chai akishike. Akishapata joto na damu bado haijarudi, funga mkoba wako." Nikamuuliza kwa nini nifunge mkoba. Akasema, "Kwa sababu mimi nimesema." Ndivyo tulivyofundishwa. Hakuna aliyetuchorea ubaoni.

Hofu yangu kubwa ya mwanzo ililetwa na piko. Dada wa bibi harusi mmoja alinijia na hiyo dawa nyeusi ya nywele, akataka niichanganye na hina ili maua yawe meusi kabisa kama ya watu wa mjini. Bi Zaina hakuwapo siku hiyo. Nikachanganya. Siku ya tatu nikaitwa, nikakuta mkono wa yule binti umevimba, na malengelenge yamefuata mchoro wangu jani kwa jani, ua kwa ua. Sikupata kuona mchoro wangu ukionekana vizuri kama siku ile. Kwa wiki mbili kila niliposikia hodi nilikimbilia jikoni. Yule binti alipona, lakini kovu la ua moja liko pale mpaka leo, na sasa ni mama mtu mzima. Tukikutana sokoni ananisalimia kwa mkono wa kushoto. Tangu hapo sikugusa piko tena, na ninyi msiguse.

Kwa hiyo stika zilipoanza kuuzwa Soni, nilizipokea kwa mikono miwili. Hazichomi. Ni karatasi laini tu yenye gundi nyuma, ina maua au inang'aa, unaibandua na kuibandika. Nilijifunzia kwenye kucha zangu za miguu, ambazo Mungu hakuziumba kwa ajili ya maua.

Ya kazi mnayajua, ila nayarudia kwa sababu Neema una haraka. Osha mkono kwa sabuni, ukaushe, pitisha pamba yenye spiriti. Wanawake wetu wanachimba viazi, udongo mwekundu unakaa pembeni mwa ukucha, na stika haishiki udongo. Sukuma ngozi ya kwenye shina kwa kijiti, usiikate. Chagua stika nyembamba kuliko ukucha kidogo, maana ikigusa ngozi itainuka kesho yake na mteja atakutangaza njia nzima. Anzia kwenye shina, bonyeza kwenda nje, kinachozidi ukikate kwa kitupa cha kucha ukisugua kuelekea chini. Huku kwetu kuna jambo moja zaidi: baridi inaigandisha gundi. Ile stika ibandike kwanza nje ya kikombe chenye chai ya moto, uhesabu mpaka ishirini, ndipo uipeleke kwenye ukucha. Wakati wa kuitoa, paka mafuta ya uvuguvugu pembeni, uinue taratibu. Ukiivuta kwa nguvu inaondoka na ukucha wa juu.

Nyumba za Wakristo utaitwa siku za send-off, harusi na Krismasi. Mke mmoja wa mchungaji aliwahi kutaka stika zisizoonekana. Nikamwambia, mama, kama hutaki zionekane, kubaki bila ndiyo rahisi zaidi. Akacheka, akachukua nyekundu. Nyumba za Waislamu ni tofauti kidogo. Stika haipitishi maji, na mwenye kuswali lazima maji ya udhu yafike kwenye ukucha. Basi mwanamke anakuita zile siku asizoswali, na wewe usiulize. Na mzazi aliyetoka kujifungua, yeye ana arobaini yake, siku arobaini za kukaa ndani bila kuswali. Hao ndio walioniita sana. Wamechoka kukaa ndani, wanataka wakitazama mikono yao waone kitu kingine zaidi ya nepi.

Sasa nifike kwa Mwanaidi, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Ilikuwa mwezi wa saba, miaka mitatu iliyopita, zile siku ambazo ukungu unakaa mpaka saa tano na nguo hazikauki siku nne. Mwanaidi alinipigia simu mwenyewe. Nilimpamba siku ya harusi yake, msichana mpole mwenye vidole virefu. Alikuwa na siku kumi na nane tangu ajifungue mtoto wa kiume, na alijifungulia nyumbani, kabla ya gari kufika. Kijiji chao kiko juu ya Soni, mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kwangu.

"Shikamoo bibi. Naomba uje unibandike kucha."

"Marahaba. Nije na zipi? Za maua au za kung'aa?"

"Zozote."

"Rangi gani?"

"Yoyote, bibi. Wewe njoo tu."

Nikafurahi. Wateja wangu wengi huchagua rangi kama wanachagua mume, tena kwa makini zaidi.

Nilimkuta ndani amekaa kitandani, jiko la mkaa liko karibu. Mama mkwe wake, Mama Athumani, ndiye anamtunza. Sitaki mumfikirie vibaya mama yule. Alikuwa amemchinjia kuku watatu, anamkanda kwa maji ya moto kila asubuhi, uji wa pilipili manga haukatiki. Mume, Athumani, alikuwa kazini gereji Mombo. Nimemzidi Mama Athumani miaka kumi hivi, kwa hiyo alinipa shikamoo yangu, akanipa kigoda, akasimama mlangoni na mjukuu mgongoni, anatazama.

Nikaushika mkono wa Mwanaidi. Wa baridi. Kabla sijabonyeza, kucha zilikuwa nyeupe tayari.

"Baridi ya leo hiyo," akasema Mama Athumani.

"Baridi," nikajibu.

Nikampa kikombe cha chai akishike. Akakishika kwa mikono yote miwili mpaka chai ikaanza kupoa. Viganja vikapata joto. Kucha zilibaki nyeupe kama maganda ya kitunguu saumu. Nikabonyeza, nikaachia, sikuona tofauti. Nikautazama mdomo wake, nao vilevile. Mwanaidi akanitazama machoni, akanitazama sana. Mimi nikainamisha uso nikatazama stika zangu.

Msinitafutie udhuru. Niliona. Bi Zaina alishakufa wakati huo, lakini maneno yake nilikuwa nayo: akishapata joto na bado, funga mkoba. Sikufunga. Mama Athumani ndiye aliyenifungulia nyumba zote za kijiji kile, na mnajua kumwambia mama mkwe kwamba mzazi anayemtunza anaumwa ni sawa na kumwambia hajui kulea. Niliogopa maneno. Niliogopa kusikia, "Bibi Stika siku hizi ni daktari." Kwa hiyo nikabandika. Kumi zote, nyekundu zenye maua meupe. Zikapendeza. Ule weupe haukuonekana tena.

"Ahsante, bibi," akasema Mwanaidi, akajilaza, akageukia ukutani.

Nikateremka. Pale chini kwenye kijito kulikuwa na wanawake wanaosha karoti za kupeleka sokoni, maji yanafika kwenye viwiko. Mmoja, mteja wangu, akaniita.

"Bibi Stika! Hebu njoo uone aibu yako. Wiki haijaisha!"

Akaninyooshea mkono unaochuruzika. Stika ya kidole cha shahada ilikuwa imebanduka.

"Wewe umeloweka mikono tangu asubuhi," nikamwambia. "Hapo hata bati lingebanduka."

Wenzake wakacheka. Mimi nikaushika ule mkono nitazame, na kwa mazoea tu nikabonyeza ukucha uliokuwa wazi, nikaachia. Damu ikarudi palepale, nyekundu. Na ule mkono ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, baridi kuliko wa Mwanaidi mara tano.

Nikauachia ule mkono. Yule mwanamke akaniuliza, "Bibi, vipi?"  Niligeuka nikaanza kupanda tena kile kilima, na umri huu, na matope yale. Nilianguka mara mbili. Kila nilipopumzika nilisikiliza kama kuna mtu analia juu kule. Mnajua kilio cha msiba kinavyosafiri kwenye mabonde yetu. Nilikuwa nakisikia, kisha nagundua ni upepo, kisha nakisikia tena.

Mama Athumani alikuwa anapepeta mchele mlangoni.

"Umesahau nini, dada?"

"Nimesahau kucha."

Nikampita. Mwanaidi alikuwa amelala vilevile, ameelekea ukutani. Nilimwita, akafumbua macho kama mtu anayenyanyua mzigo. Nikapasha mafuta kwenye kijiko juu ya jiko, nikayapaka pembeni mwa dole gumba, nikainua stika taratibu. Hata saa ile sikuivuta. Nikabonyeza, nikaachia. Nikangoja. Hakuna kilichorudi. Ndipo nikafunua kanga aliyojifunika. Sitaandika nilichokiona. Mmezaa ninyi, mnajua kilichopaswa kuwapo siku ya kumi na nane na kisichopaswa.

Mama Athumani alikuwa nyuma yangu.

"Ni damu ya uzazi," akasema. "Kila mzazi hutoka."

"Kwa wingi huu?"

"Mimi nimezaa saba, dada."

"Apelekwe hospitali."

"Mwanamke wa arobaini hatolewi nje na baridi hii. Upepo ukimwingia, nitamwambia nini mwanangu? Tumsubiri Athumani."

"Mpigie."

Akapiga. Simu haikupatikana. Akapiga tena. Nikaona anapiga mara ya tatu bila kungoja, nikajua naye anaogopa, ila hofu yake imeshikilia mlango na yangu inataka kutoka. Basi nikamwambia neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka mwili unanisisimka.

"Sawa. Tukae tumsubiri. Nami sitaondoka, kwa sababu mwosha maiti akija, maji hayatafika kwenye kucha zile. Lazima zitolewe kwanza, na hapa anayejua kuzitoa ni mimi tu. Sasa niambie wewe: nizitoe akiwa hai, au ningoje?"

Akanitazama kama nimempiga.  Akafunga mjukuu kifuani, akachukua blanketi la kitanda chake mwenyewe, akamfunika mkwewe kichwa na mabega. Kisha akatoka nje anaita kwa Kishambaa, sauti imempasuka.

Jirani alikuwa anapakia kabichi kwenye pikapu kuzipeleka Mombo. Hakuuliza. Alisema tu, "Ingieni." Mwanaidi tukamweka mbele, katikati ya dereva na mimi. Mama Athumani akapanda nyuma, akaketi juu ya kabichi na mtoto kifuani, turubai kichwani. Badala ya kuteremka Mombo, gari likapanda kuelekea Lushoto.

Njia ya kufika kwenye lami ilikuwa utelezi mtupu. Upande wangu nilikuwa naona vilele vya miti chini ya dirisha.

"Bibi, omba," akasema dereva.

"Wewe endesha. Kuomba niachie mimi."

Nikatoa mafuta, nikaanza kuzitoa zile tisa zilizobaki. Niliwahi kumsikia muuguzi mmoja akimgombeza mteja wangu: sisi tunasoma kucha, ninyi mnatufungia kitabu. Kila niliyoitoa nilibonyeza, nikitumaini hii labda ina damu kidogo. Ya pili. Ya tatu. Gari likirushwa, namshika Mwanaidi kichwa. Ya nne.

"Bibi," akasema, "mtoto?"

"Yuko nyuma na bibi yake, wamekalia kabichi kama machifu."

Akajaribu kutabasamu. Ya tano, ya sita. Kwenye ya saba kichwa chake kikanilalia begani, kizito.

"Mwanaidi! Usinilalie wewe! Nani kakuambia ulale?"

Nilimfinya. Nilimtukana. Nilimwita majina ambayo sijapata kumwita mtu. Akafumbua jicho moja. Nikaendelea na ya nane huku nahesabu pumzi zake kwa sauti, na dereva, mtu mzima yule, akawa anahesabu pamoja nami.

Hospitali muuguzi alimshika mkono, akabonyeza ukucha mara moja tu, akaita machela kwa sauti ya juu. Daktari alituambia kipande cha kondo la nyuma kilibaki ndani, itabidi asafishwe na aongezewe damu, na ndugu wanahitajika kutoa. Mama Athumani alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa gauni. Kisha tukakaa kwenye benchi, yeye na mimi, na mtoto katikati yetu analia njaa.

"Nilidhani ni baridi, dada," akasema.

"Na mimi," nikamwambia.

Ule ulikuwa uongo. Yeye ndiye aliyedhani.

Tulikaa mpaka saa kumi jioni. Kila mlango ulipofunguliwa nilitazama miguu ya anayetoka, sikuthubutu kutazama uso. Mwishowe viatu vyeupe vikasimama mbele yetu, sauti ikasema, "Anamtaka mtoto wake." Mama Athumani akaanguka magotini palepale. Mimi sikuanguka, nilishindwa hata kusimama.

Mwanaidi akapona. Kijiji kizima kikaambiwa Bibi Stika ndiye aliyemwokoa, na mimi nikaipokea sifa hiyo miaka mitatu, nikiinamisha macho watu wakadhani ni unyenyekevu. Tangu siku ile sikubandika kucha bila kubonyeza, na kila nilipobonyeza tumbo lilinikata mpaka damu irudi. Ndiyo sababu nimeacha kazi, kama mlikuwa mnauliza. Macho yangu mazima, mikono mizima. Tumbo ndilo limechoka.

Nilipoacha, nilipanda kwa Mwanaidi kumwambia ukweli. Sikutaka kuingia kaburini na sifa ya wizi. Alinikaribisha jikoni, mtoto anakimbia na kuku uani. Nikamwambia yote: kwamba asubuhi ile niliona, na nikafunika, kwa kumwogopa mama mkwe wake.

Akaendelea kumenya viazi. 

"Bibi," akasema baadaye, "mimi nilijua unaona. Nilikuwa naona damu ile kila siku, na nilimwambia mama, akasema ndivyo ilivyo. Kutoka nje siruhusiwi. Mgeni haingii chumbani ila mwanamke mwenye kazi yake. Nikafikiri, nani ataingia humu ndani anishike mkono autazame? Nikakupigia wewe. Sikuwa nataka kucha."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbele ya mama? Nilikuwa nangoja wewe useme. Wewe mkubwa."

Akatia viazi kwenye maji. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonishinda. Nilikaa pale nimeshika magoti yangu kama mtoto aliyerudishwa nyumbani na mwalimu.

Rehema, Neema. Wanatuita wamevaa kanga mpya, wanacheka, wanatuambia wanataka mapambo. Shikeni mkono, mtazame, na mkiona jambo, semeni. Msimnong'oneze mgonjwa sikioni, yeye anajua tayari. Semeni kwa sauti, aliyesimama mlangoni asikie.